Mabuti ya Fundi Bomba

Jogoo yule hakuzaliwa mkorofi, na mtu akisema hivyo mbele yangu tutakosana. Alifunzwa. Alifunzwa na fundi bomba mwenyewe, marehemu, mtu mzima na mvi zake, aliyekuwa akirudi kazini jioni na kabla hata hajavua mabuti yake ya mpira anaanza michezo na kifaranga.

Kifaranga kilitotolewa peke yake, mayai mengine yote yaliharibika, kikalelewa ndani ya boksi jikoni. Fundi akawa anakisogezea ncha ya buti. Kifaranga kinalidonoa. Fundi anarudi nyuma, anajifanya kaumia. "Aaa, Bondia, utaniua bwana!" Mkewe, fundi cherehani, alikuwa anasimama mlangoni na futi ya kupimia shingoni, mbavu hana. Na wewe ungecheka. Kitu cha ukubwa wa ngumi kinapigana na buti!

Basi fundi akaanguka kazini siku moja, na hakuinuka. Kufikia hapo Bondia alikuwa jogoo kamili, kilemba chekundu, miiba ya miguuni mirefu kama kidole cha mtoto. Akabaki yeye, mitetea saba, na mjane.

Mjane alianza kuvaa mabuti ya mumewe kila asubuhi anapokwenda bandani. Yalikuwa makubwa, akayajaza vipande vya vitambaa vya cherehani ili yasimchomoke. Jirani alipomuuliza, alijibu kwamba uani kuna matope. Matope gani, jua lile la kupasua ardhi! Alitaka tu miguu yake ikae pale miguu ya mwenzake ilipokaa. Haya, na hilo nalo ni kosa?

Kila asubuhi Bondia alimvamia. Alikuja mbio, mabawa chini, akaruka na miguu miwili mbele. Mabuti yalimkinga hadi chini ya goti, juu ya hapo akachanika. Jirani yake, muuza mkaa, mwanamke mwenye maneno mengi na moyo mzuri, alimpa kila dawa anayoijua.

"Shoga, usimkimbie. Ukimkimbia tu, keshakuwa bwana wa nyumba."

Hakumkimbia. Akachanika mkono.

"Basi mkamate, mbane kwapani, zunguka naye mbele ya wake zake mpaka aone haya."

Alizunguka naye nusu saa nzima, kazi za watu zinamsubiri kwenye cherehani. Bondia alitulia kwapani kama mtoto mchanga. Alipomweka chini, akamrukia. Wakamtenga kwenye tundu lake siku kumi. Wakamkata ncha za ile miiba kwa msumeno mdogo wa fundi. Hawakufua dafu.

"Chungu kipo," muuza mkaa akasema. "Mimi nachinja, wewe geuka pembeni."

"Huyu kalelewa na mume wangu."

"Najua, shoga. Ndiyo maana nimesema ugeuke."

Na hapo ndipo binti yake alipopiga simu. Binti ni nesi, alikuwa amehamishiwa kituo cha mbali, zamu za usiku, na mtoto wake wa miaka mitano hana wa kukaa naye. Mjane alijua linalokuja, akafurahi kabla hajaambiwa. Mwaka mzima alikuwa anakula peke yake, anaongea na cherehani.

"Nitamleta kwako, Mama. Lakini yule jogoo nimemwona alivyokufanya miguu. Akimgusa mwanangu, namchukua siku hiyo hiyo, na sitamrudisha. Sisemi kwa hasira. Nakwambia tu mapema."

"Nipe wiki mbili," mjane akasema.

Siku ya tano, mabuti yalilowa ndani baada ya ndoo kumwagika, akayaegemeza ukutani yakauke, akaingia bandani na kandambili. Ameshaingia ndipo akakumbuka. Alisimama ganzi, bakuli la pumba kifuani. Bondia akampita. Akaenda zake kula.

Kesho yake kandambili tena. Hakuna kitu. Siku ya tatu ya kandambili alichukua buti moja, tupu, akalisimamisha katikati ya uwanja, akarudi nyuma. Jogoo alikuja mbio kutoka upande wa pili, mabawa chini, akalirukia, akaliangusha, akarudi nyuma hatua mbili na kulingoja liinuke. Halikuinuka. Akalizunguka, akaliita kwa sauti ya chini. Mjane akaketi juu ya ndoo akalia mpaka kwikwi, maana alielewa. Ule haukuwa ukorofi. Ulikuwa mchezo wa jioni, na mwenzake wa mchezo haji.

Sasa, mtu mwenye akili timamu angefanya nini? Angeyatupa mabuti. Jalala liko nyuma ya nyumba, dakika mbili kwenda na kurudi. Na yeye aliyabeba, nisimsingizie. Alifika nayo hadi mlango wa nyuma. Halafu akaingiza mkono ndani ya buti la kulia, akagusa pale kisigino cha mumewe kilipopachimba, akayarudisha. Akayaweka nyuma ya mlango wa jikoni, akayafunika gunia. Kesho, akajiambia.

Akampigia binti yake. "Jogoo amekuwa mpole. Mlete mtoto."

"Amekuwaje mpole ghafla?"

"Kazoea tu."

Hakusema habari za mabuti, kwa sababu binti alikwisha kumwambia mara mbili agawe vitu vya Baba, na mara mbili yeye akasema amegawa.

Mtoto akaja. Jamani, nyumba ile ilibadilika! Vifungo vya sare za shule alizoshona bibi vikawa marafiki wenye majina, mitetea ikafundishwa kuhesabu, bibi akawa anapika sufuria kubwa tena. Mtoto alikwenda bandani na viatu vyake vyekundu vya plastiki, Bondia akala pumba pembeni yake. Bibi alisimama karibu siku za mwanzo. Wiki ya tatu aliacha kusimama.

Asubuhi moja alikuwa anapindisha kola kwenye cherehani akasikia kitu kinaburutwa sakafuni jikoni, na kicheko, na kile kisauti kutoka uani.

"Bibi, niangalie! Mimi ni Babu!"

Alijua kabla hajainuka. Aliangusha kiti, akajigonga kwenye meza, akatoka. Mabuti yalimfika mtoto mapajani, hakuweza kukimbia, hata kugeuka hakuweza. Alianguka chali, na jogoo alikuwa tayari juu ya uso wake.

Zilishonwa nyuzi sita chini ya jicho la kushoto. Jicho lenyewe lilipona. Daktari alisema limenusurika kwa upana wa ukucha tu, na akasema tena, kana kwamba mara ya kwanza haikutosha.

Binti alifika jioni na sare zake za kazi. Alimwangalia mtoto aliyelala, akaangalia mabuti yaliyoachwa mlangoni, yana damu kidogo, akayatambua.

"Uliniambia amekuwa mpole."

"Alikuwa mpole. Ni mabuti ndiyo yanayomchokoza. Baba yako alimfunza hivyo, kwa mchezo."

"Ulijua lini?"

Mjane angeweza kusema ameng'amua leo. Nani angembishia? "Kabla hujamleta," akasema.

Binti hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alifunga begi la mtoto, kila nguo akaikunja vizuri kama mama yake alivyomfundisha, wakaondoka.

Muuza mkaa alimchinja Bondia kesho yake, na safari hiyo mjane hakugeuka pembeni. Nyama alimwachia jirani. Kisha akayachukua mabuti, akayapeleka jalalani, akarudi. Dakika mbili, kama nilivyosema.

Baada ya wiki simu iliita. Namba ya binti, lakini sauti ya mtoto.

"Bibi, umenikasirikia?"

"Mimi? Kwa nini, mama yangu?"

"Nilivaa viatu vya Babu bila kuomba."

Mjane aliweka chini kola aliyokuwa akishona.

"Sikiliza. Hukukosea kitu. Bibi ndiye aliyekosea. Alitakiwa avitupe, hakuvitupa. Umesikia? Ni Bibi."

"Umevitupa sasa?"

"Nimevitupa."

"Na Bondia?"

"Bondia hayupo."

"Basi naweza kuja!"

Kwa nyuma ilisikika sauti ya binti ikimwambia mtoto amrudishie simu. Mjane alingoja, simu sikioni, hata baada ya kukatika.