Walinzi wa Mama Mercy

"Nyavu zako zimenasa vifaranga vyangu vya bata, mama Mercy! Unawategea watoto wa wenzio?"

"Si zangu, mama Patrick. Ni za walinzi."

"Na walinzi ni wa nani?"

Hapo Tusajigwe, ndiye huyo mama Mercy, alitazama vidole vyake, maana walinzi walikuwa wake. Kila alipochomwa na jua walimtoka kwenye vifundo vya vidole, wadogo kama punje za mpunga. Asubuhi ile alikwenda kupalilia bila kofia yake pana ya mitumba, nao wakatoka. Mmoja akapiga yowe la mwizi. Mwizi hakuwepo. Wenzake wakarusha nyavu, nyembamba kuliko utando wa buibui, wakafia humo humo. Maiti hazikuzolewa. Waliobaki walipoziona wakadhani adui keshaingia, wakapiga yowe upya. Tusajigwe akakaa barazani, magoti yamevimba, wekundu umemtanda mashavuni kama mabawa ya kipepeo.

Daktari wa misheni alishamwambia: ni lupus, mama, walinzi wa mwili wako wanaupiga mwili wako. Majirani hawakubisha. Walichotaka kujua ni nani aliyekosewa. Njia hii yote hadi mpakani Kasumulu inajulikana kwamba mtu akimuudhi jirani, manung'uniko humwingia viungoni. Hutaja kosa lake, watu wakala pamoja, yakaisha. Asipotaja, kwake hakuliwi.

Damaris, yule mama Patrick, akamleta balozi wa nyumba kumi, mzee Asajile. Akapewa kigoda. Mlinzi mmoja akampanda gotini, akamkagua, akashuka.

"Wanafanya kazi kweli hawa," alisema Asajile. "Sasa sema, mwanangu. Ulimkosea nani?"

"Sijamkosea mtu, baba."

"Tafuta hata kadogo," Damaris akamhimiza, na sauti yake ilikuwa ya huruma. "Sema ulinisengenya. Mimi nitakubali."

"Nikisema uongo, hawa watarudi ndani watulie?"

Asajile aliwatazama walinzi. Akakiri kwamba hawakuonekana watu wa kudanganywa. Kisha akaamua: mpunga ukishavunwa, Tusajigwe aende kwa kaka yake anayeishi Njisi. Nyumba yake hii, ambayo matofali yake aliyafyatua kwa mikono yake mwenyewe, itafungwa mpaka atakapokumbuka kosa.

"Ndaga, baba, asante," alisema Tusajigwe. "Wali uko tayari, na samaki mbasa. Karibuni."

Asajile alikuwa ameshiba. Damaris naye alikuwa ameshiba, ingawa tumbo lake lilinguruma mbele za watu. Walinzi wakamsaidia kuwanasua vifaranga, mmoja mmoja, bila kuvunja ukucha. Akawabeba kwenye khanga, akaaga vizuri, akaondoka.

Tusajigwe alichukua ufagio akazoa maiti, polepole, kwa kuwa vidole havikukunjika. Yowe likapungua. Walinzi waliobaki walikaa kizingitini, wamechoka, hawamtazami usoni.

Akapakua wali kwenye sinia, akasogea kando kuwapisha.

"Haya, ingieni mle," aliwaambia. "Na nyie mmeshinda na njaa."