Vijiti Sita vya Bengamisa

Siku ya tatu ya kikao, Khadija alikuwa bado hajaandika neno kwenye karatasi ya kura.

Yeye, fundi wa kushona wa mtaa wa Mangobo, alikuwa mmoja wa raia kumi na wawili waliopatikana kwa bahati nasibu ili waishauri serikali ya jimbo: muhogo uliobadilishwa vinasaba, unaojaribiwa kwenye shamba lenye uzio kijijini Bengamisa, ufunguliwe shamba la pili au la? Vipimo vya kama unafaa kuliwa vilikuwa havijakamilika. Kura ingepigwa saa sita mchana.

"Hakuna hata kijiti kimoja kilichotoka ndani ya uzio," alisema Hugues, mtafiti mkuu. "Tulipanda mia nne, tumehesabu mia nne."

Hesabu ilikuwa sahihi. Lakini muhogo huoteshwa kwa kipande cha tawi, na shina lililokatwa tawi bado huhesabiwa moja. Tena Bengamisa mgeni haondoki mikono mitupu. Khadija alipokwenda kwenye matanga miezi mitano iliyopita, dada yake Nyota, anayepalilia shamba lile, alimfungia vijiti sita kwa kamba. Alivipanda nyuma ya nyumba yake, na sasa vilimfika kifuani. Watoto wake walikuwa wamekula pondu, mboga ya majani yake, mara mbili.

Akisema, Nyota atafukuzwa kazi. Akinyamaza, hakuna atakayewapima watoto.

Alinyoosha mkono.

"Papa Hugues, bale bamama ya kupalilia, magaribi banarudiaka mikono mitupu?"

"Bon, mama, tunabalipa feza, hapana pondu!"

Watu walicheka.

"Donc, kwangu iko miti sita ya kule. Batoto bamekula."

Kicheko kilikatika. Papa Lambert, fundi baiskeli aliyeketi kando yake, akasogeza kiti chake pembeni kidogo.

"Nani alikupa?" Hugues aliuliza.

"Jina sitasema. Andika tu: uzio haikushika. Na mutume munganga apime batoto."

Hugues alivuta faili lenye fomu walizojaza wale raia kumi na wawili siku ya kwanza, akaitafuta ya Khadija. Kidole chake kilishuka mstari kwa mstari. Hapo Khadija akaukumbuka mstari wa mwisho: mtu wa kuarifiwa ukipatwa na jambo. Alikuwa ameujaza mwenyewe, kwa herufi kubwa: NYOTA, DADA, BENGAMISA.

Kidole kikasimama.