Nyuzi Elfu Tano na Arobaini

Yustina alipomaliza kulisha nguruwe alikaa barazani, akatia tambuu mdomoni, akaanza kuhesabu nyuzi za saruni ya harusi ya bintiye. Kwao Sikka, kisiwani Flores, kabla ya kutia rangi unafunga nyuzi mafungu-mafungu, yote sawa, la sivyo nakshi inatoka kichwa huku, mkia kule. Marehemu mama yake alitandika elfu tano na arobaini miaka yote. Hesabu yenye moyo mkunjufu, hiyo: igawe kwa mbili, kwa saba, kwa tisa, hata kwa kumi na mbili, haibakizi kitu.

Siku hiyo zilikuwa elfu tano na thelathini na tisa.

Akagawa kwa sita, zikabaki tano. Kwa saba, zikabaki sita. Akaongeza uzi mmoja. Kulipokucha uzi ule uko sakafuni, umejikunja kama paka. Jirani yake Lukas, mwalimu mstaafu, akaja na penseli, akagawa mpaka saa ya chakula, akasema hii haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Zipo za namna hiyo, akasema, kama wajomba wengine. Akaomba kahawa.

Alasiri mdogo wake Yustina, Elfrida, akapita na mihogo ya kuchemsha. Alipokaa tu, nyuzi zikatimia. Alipotoka kutema tambuu, moja ikapungua. Akarudi, ikarudi. Lukas akahesabu mara tatu, akaaga, akaenda zake.

Basi Yustina akajua. Nakshi ya saruni ile ni ya nyumba yao peke yao. Mama akikata roho aliwashika mikono wote wawili, wakaapa haitoki nje ya nyumba.

"Frida, umempa nani?"

"Nimpe nani nini, dada?"

"Usinizungushe. Nakshi ya mama."

Elfrida akamenya muhogo taratibu. "Yule wa kiwanda cha vitambaa, kule mjini Maumere. Kamwajiri Yonas wangu. Wewe huna mtoto wa kiume, huwezi kujua."

"Lini?"

"Kwaresima."

"Kwaresima hii? Uliyokuwa ukilala kwangu, unanishikia uzi?"

"Ndiyo hiyo."

Yustina akazirudia nyuzi zake. Harusi ilikuwa imebaki miezi mitatu, na saruni haifumwi kwa hasira. Kila asubuhi Elfrida akaja, akakaa pale pale karibu na nyuzi, akachambua mahindi, akaondoka jua likishuka. Maneno hawakupeana, chumvi walipeana. Saruni ikaisha, ikapendeza.

Siku ya harusi Elfrida aliwekwa ubavuni mwa bibi harusi, maana akisogea, uzi unachomoka. Akaja shangazi wa bwana harusi, naye kavaa nakshi ile ile, ya mashine. Akaipapasa saruni ya bibi harusi, akamgeukia Yustina.

"Nzuri, mama. Na nyie mlichukua pale karibu na stendi?"

Elfrida akataka kuinuka, akachukue chakula. Yustina akamshika bega, akamkalisha.

"Kaa," akamwambia. "Nitakuletea sahani."