Makangaga ya Hafsa

Mwalimu Asnath alilipangusa jiwe kwa kidole kilicholowa maji, akaligeuza kwenye mwanga wa dirisha. Juu ya uso wake mweupe, mistari myeusi ilitawanyika, shina likizaa vitawi, vitawi vikizaa vijani, mithili ya mmea uliolazwa humo ukakandamizwa. Mzee Sadala alimtazama bila kupepesa. Alikuwa ametoka Misima alfajiri, amekuja Korogwe kwa jambo hilo moja tu.

Mkewe, Hafsa, ndiye aliyeliibua kwa jembe, mwaka wa pili wa ndoa yao.

"Haya ni makangaga," alisema siku ile. "Kwetu Dindira yameota kila penye maji."

Sadala, Mzigua wa nchi kavu, alicheka. Yeye aliona maandishi. Wakabishana miaka ishirini na tisa, wakitaniana jikoni na shambani. Kila Hafsa aliposema, "Basi nipeleke kwetu ukayaone mwenyewe," Sadala alimjibu, "Tukishavuna." Rajabu iliyopita homa ikamchukua Hafsa kwa siku tatu.

"Si mmea, mzee wangu," mwalimu alisema hatimaye. "Wala si maandishi. Maji yenye madini yalipenya kwenye ufa wa jiwe, yakakauka polepole, yakaacha rangi. Macho huwadanganya wengi."

"Kwa hiyo hakuna jani?"

"Hakuna."

Sadala akatabasamu. Alilifutika jiwe kwapani, akainuka upesi kama mtu aliyebeba habari motomoto, maneno amekwisha kuyapanga: *Sote tumekosa, mke wangu, wewe na mimi.* Alipofika mlangoni akasimama ghafla. Akashika fremu.

"Mzee, vipi? Unaumwa?"

"Alikuwa anaomba kwenda kwao, mwalimu," alisema kwa sauti iliyokwaruza. "Mimi nikadhani tunabishania jiwe."

Stendi, utingo wa gari la Handeni, la kurudi Misima, alimwita, "Mzee, twende!" Akampita. Akapanda gari la Dindira.

Hajira, dada yake Hafsa, alimpokea mlangoni bila kumuuliza kilichomleta. Alimkaribisha ndani, akamwekea chai, akakaa mkabala naye, mikono mapajani. Baridi ilipenya hadi kwenye mifupa.

"Kila mwaka alinipigia simu," Hajira alisema. "'Dada, tukishavuna tunakuja.' Na kila mwaka, shemeji, nilifua mashuka nikayaanika."

Sadala hakuinua macho. Nje, wanawake waliotoka kuchuma chai walikuwa wakiteremka na vikapu vyao, wakizungumza Kishambaa, na kila sauti iliyopita ilipanda na kushuka kama ya Hafsa. Alikishika kikombe kwa mikono miwili, akazisikiliza mojamoja, mpaka ya mwisho ikapotelea bondeni.