Matofali Yasiyogawanyika

Jina la Verediana lilibandikwa peke yake kwenye mlango wa ofisi ya kamati ya maji, kando ya tangi jipya, kama la mwizi wa kuku. Tangazo lilisema tangi limekamilika, na matofali yaliyobebwa kulijenga ni 10,007, fundi Elia kayahesabu mara mbili. Kaya zote zilibeba idadi sawa, isipokuwa kaya ya Verediana, ambayo haikubeba hata moja. Kwa hiyo hatachota maji bombani mwaka mzima.

Hata moja! Mwanamke aliyepanda mlima siku tisa kutoka kwenye tanuru la ufukweni Bangwe, matofali sita sita kichwani, na Thobias, Mwenyekiti wa kamati, akimtazama kutoka barazani kwake, soda mkononi! Shingo ilikuwa bado inamuuma. Sasa ateke maji ziwani na kuyapandisha mlima ule ule, mwaka mzima, kwa sababu ya uongo wa mtu mzima na akili zake.

Ila hilo neno "sawa" lilimkera zaidi. Sawa ni ngapi kila kaya? Alichukua kijiti, akaanza kugawa mchangani, na mchana wote ukaishia hapo.

Asubuhi ya mkutano alifika kwenye tangi na ndoo yake, akasimama kabla hajaitwa.

"Mwakeye, ndugu zangu. Shikamoo, Mwenyekiti. Kaya zilizobeba ni ngapi?"

"Mia moja na kumi na tatu, Verediana. Sawa kwa sawa."

"Basi kila moja themanini na nane, na yanabaki sitini na tatu. Hayo ya nani?"

Thobias akakohoa. "Kaya mbili zilihama. Sema mia moja na kumi na moja."

"Yanabaki kumi na saba."

"Au ni mia moja na kumi na tano..."

"Yanabaki mawili. Acha kutapatapa, Mwenyekiti! Taja kaya unazotaka. Zikizidi mia, kila moja imebeba pungufu ya mia, na idadi hiyo nayo lazima iyagawe matofali yote bila baki. Nami nimegawa kwa mbili, kwa tatu, mpaka mia, na hakuna namba iliyokubali. Ili yawe sawa, labda mtu mmoja ayabebe yote, au kila tofali liwe na mtu wake. Hapa kuna waliobeba na kuna waliotegea. Tangazo lako ni la uongo!"

"Basi fundi kakosea," Thobias akasema, jasho likimtoka. "Tuongeze moja tu, yaishe."

Elia aliinuka kwa ghadhabu, lakini Verediana alimtangulia.

"Na hilo moja, Mwenyekiti, alilibeba nani?"

Aliyejibu ni Frida, mke wa Thobias, aliyekaa mkekani na wanawake wenzake.

"Si sisi. Kwetu hakuna aliyebeba hata moja."

Kelele zilipolipuka, Verediana hakungoja uamuzi wa mtu. Alilibandua tangazo mlangoni, akalikunja likawa ngata, akaliweka kichwani, na kwenda bombani na ndoo yake.