Mbwa Aliowakana

Kwa miaka thelathini na moja aliendesha lori lenye tela, na wenzake walimwita Tani Thelathini, jina lililomkaa kama shati la kushonesha. Alipostaafu jina lilibaki, kazi ikaondoka. Ndipo binti yake, muuguzi wa wodi ya watoto, akamwomba jambo moja: kiangazi hicho, siku zake za zamu ya mchana, baba awatembeze mbwa wake wawili kwenye vijia vya msitu ulio nyuma ya nyumba yake.

Alikubali shingo upande. Mbwa wenyewe wangeenea wote kwenye kapu moja. Kisoda, dume, alikuwa mweusi, na miguu yake mifupi ilifanya tumbo lifagie majani. Pamba, jike, alikuwa mweupe, mzee, jicho moja limeingia ukungu. Tani Thelathini aliwatoa alfajiri ili asikutane na mtu. Hata hivyo, baada ya wiki mbili walikuwa wamemwingia moyoni. Alijua Kisoda havuki daraja la mbao mpaka abebwe, na Pamba akichoka huketi chini bila kumwomba mtu ruhusa, safari ikaishia hapo.

Siku moja alichelewa kuamka, akatoka jua limeshapanda. Walipofika kwenye uwazi wa magogo alikuta lori linamaliza kupakiwa, na kivulini wameketi madereva wawili aliofanya nao kazi zamani. Mmoja alikuwa Mzee wa Breki, bingwa wa utani tangu enzi hizo. Kabla hawajageuka, mkono wa Tani Thelathini ulikuwa umeshaziachia kamba.

Walisalimiana kwa furaha, wakaulizana habari za nyumbani. Kisha Mzee wa Breki akawaona mbwa.

"Hao ni wako?"

"Wangu wapi. Wamenifuata tu kutoka kule chini. Sijui hata ni wa nani."

Maneno yalimtoka laini, bila kukwaruza popote. Wakaendelea kuzungumza habari za injini, miteremko na matajiri wabahili. Pamba akaja, ulimi nje, akajilaza juu ya kiatu chake kama alivyozoea. Akamsukuma kwa ncha ya kiatu. Pamba akarudi. Akamsukuma tena, safari hii kwa nguvu zaidi, na wenzake wakacheka kwamba bibi kizee kamzimikia.

Aliyewahurumia ni Mzee wa Breki. Aliwamiminia maji kiganjani wakanywa, akawapapasa shingoni, akakuta kibati chenye namba ya simu. Joto hili litawaua, alisema. Lori linapita getini kwa askari wa misitu, atawaacha pale ili mwenyewe apigiwe. Akawanyanyua, mmoja kila kwapa, akawapandisha mbele.

Tani Thelathini alifungua mdomo. Kilichotoka ni, "Umefanya vizuri."

Kisoda alimtazama kupitia dirisha mpaka lori lilipokata kona.

Kutoka hapo hadi getini ni kilomita tatu. Alikimbia alipoweza, akatembea alipoishiwa pumzi, mzee wa miaka sitini na sita, na njia nzima alikuwa akipanga uongo: kamba zilimponyoka, mbwa wakatoroka. Alipofika, lori lilikuwa limeshaondoka, na binti yake, aliyepigiwa simu wodini, alikuwa ameketi kwenye benchi la ofisi, bado na sare ya kazini, Pamba mapajani. Askari wa misitu, mama mpole asiyejua kitu, akamweleza naye yaliyotokea: mbwa wameletwa na madereva wawili, waliwakuta wakimfuata mzee fulani ambaye hakuwajua.

Binti hakuinua sauti. "Mzee gani, baba?"

Uongo alioupanga akauacha. "Ni mimi," akasema. "Niliona haya mbele ya wenzangu."

Binti alipitisha vidole kwenye manyoya ya Pamba.

"Nilikuwa na miaka tisa," akasema hatimaye. "Nilikuletea chakula yadi ya malori, nimevaa viatu vya kaka. Wakakuuliza huyu nani. Ukasema mtoto wa jirani."

Miaka yote hiyo baba alikuwa akijifariji kwamba mtoto hakusikia. Walirudi nyumbani kwa gari la binti, yeye kiti cha nyuma na Kisoda, asijue mikono yake aiweke wapi.

Jioni alimpigia simu Mzee wa Breki. Alimwambia kwamba wale mbwa ni wa binti yake, na yeye ndiye huwatembeza kila siku. Kisha akajikaza akaongeza kwamba yule msichana aliyekuja yadi zamani, mwenye viatu vikubwa, ndiye huyo binti.

Mtani wake hakutania. "Tulijua," alisema taratibu. "Mlifanana kuanzia pua. Tulikustahi tu."

Kwa siku kumi na mbili binti alimpa jirani kazi ya kuwatembeza mbwa. Ya kumi na tatu akapiga simu: kesho ana zamu, baba afike saa kumi na mbili, kabla jua halijawa kali.

Saa kumi na moja na nusu Tani Thelathini alikuwa mlangoni kwa binti, amesimama, anaona haya kubisha hodi.