Watu Thelathini na Wanne wa Emelyne

Asubuhi ya Jumatatu Emelyne alijaza beseni maji, akaliweka juani mbele ya stesheneri ya Kassiani pale Makanyagio, Mpanda, akachuchumaa kulitazama. Jua lilipenya maji, na chini ya beseni ukatokea wavu wa mwanga unaotikisika. Wateja waliokuja kutoa kopi walimpita pembeni. Alipotosheka aliingia ndani, akakaa kwenye kompyuta, akauchora wavu uleule juu ya mchanga wa Ziwa Tanganyika.

Alikuwa mtoto wa wakulima wa Kasekese, na ziwani aliwahi kuingia mara moja tu, maji yakamfika magotini. Lakini kazi alipewa yeye. Silvester Lyamba, mwenye maboti, alikuwa anafungua nyumba ya wageni Majengo, akataka ukuta mzima wa mapokezi uwe picha ya ziwa kama samaki anavyoliona. Wachoraji wawili walimpelekea bahari yenye matumbawe. Emelyne alimwambia ziwani kwetu hakuna matumbawe, na hapo hapo wakakubaliana.

Alianza na bluu, akaifanya nzito kadiri ziwa linavyoshuka. Akaweka miale, mawe yenye utelezi wa kijani, samaki wa migebuka, na vumbi jepesi linaloelea, maana maji yasiyo na vumbi huonekana kama kioo cha dirisha. Siku ya tatu meza ilianza kulowa. Maji yalichuruzika kutoka pembeni mwa skrini, ya baridi na safi. Kassiani aliyaonja, akasema ni ya ziwani, akasogeza printa na kutandika gunia.

Siku ya nne waliingia watu ndani ya picha. Emelyne alirudi kutoka kula mchana akawakuta wamekaa mchangani katikati ya mawe, wengine na mizigo yao. Aliwahesabu, thelathini na wanne. Alijua ni akina nani. Miaka minne nyuma boti ya Lyamba ilizama ikitokea Ikola, na orodha ya waliokufa aliyoipeleka Lyamba serikalini ilikuwa na majina kumi na moja.

Kilichomkera ni rangi zao. Walikuwa wamekuja na rangi za nchi kavu, zinawaka mno kwa kina kile. Akaanza kuwarekebisha mmoja mmoja, nao wakatulia kama watu walio kwa kinyozi, mpaka alipofika kwa mwanamke wa kitenge chekundu.

"Hiki kiache, dada," yule mwanamke alisema.

"Huko chini nyekundu haifiki. Maji yanaimeza kabla ya rangi nyingine zote. Watu watasema sijui kazi."

"Mimi ni Dorice. Niliacha watoto wadogo. Sura yangu watakuwa wameisahau. Kitenge hawajakisahau."

Kuchora uongo Emelyne hakutaka, na kumnyima yule mama hakutaka. Mwishowe akamnyanyua Dorice kutoka mchangani, akampandisha polepole hadi karibu na uso wa maji, mahali jua linapofika na nyekundu bado ni nyekundu. Ilimbidi aupange upya mwanga wote, na kivuli cha Dorice kiwapitie walio chini. Kazi hiyo ilimchukua siku mbili. Alipomaliza alirudi nyuma hatua tatu, akaitazama, akajua kuwa Mpanda nzima hakuna mwingine ambaye angeiweza.

Lyamba alikuja siku moja kabla ya ufunguzi.

"Samaki wazuri," alisema. "Ila hawa watu walikuwa kumi na mmoja. Waliozidi futa."

"Ni thelathini na wanne, mzee."

"Binti, orodha ipo."

"Kila mmoja nimempa mwanga wake. Sifuti. Kama huitaki, ukuta wako ubaki mtupu."

Wageni walishaalikwa. Lyamba aliichukua, akaibandika, kisha akasimamisha friji ya soda mbele ya wale ishirini na watatu wasiokuwa kwenye orodha.

Mhudumu alizoea kupiga deki maji yaliyochuruzika ukutani mara tatu kwa siku. Watu walianza kuja kutoka Ikola na Karema, watu wasiohitaji chumba. Walisogeza friji kidogo, wakawajulia hali ndugu zao, wakairudisha. Jumapili moja alikuja Telesphor, mume wa Dorice, na watoto wawili. Kabla hajasema neno, yule mdogo alinyoosha kidole juu ya friji.

"Mama yule."

"Shikamoo mama," wakasema wote wawili, na Dorice akawapungia. Emelyne alikuwa amesimama mlangoni, mabega juu, mikono nyuma. Kitenge kilikuwa chekundu hasa.

Kesho yake Telesphor alikwenda ofisi inayotunza orodha, akaomba mkewe aandikwe. Karani alikuja kuona mwenyewe. Alivua viatu, akakunja suruali, akasimama mbele ya ukuta, kisha akarudi ofisini. Jioni Telesphor alipita stesheneri.

"Amesema picha si ushahidi. Orodha inabaki kumi na mmoja."

"Amesema picha imekosewa mahali?"

"Hapana. Hilo hakusema." Telesphor aliwaza kidogo. "Ila muda wote aliosimama pale, alikuwa amebana pumzi kama mtu aliyepiga mbizi."

Emelyne aliitikia kwa kichwa, akamvutia kiti.